Saa Yenye Mwezi Ndani

Bugomora, Kyerwa
15 Februari 2023

Mpendwa Mjomba Cleophace,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la zahanati. Wajawazito wa kliniki ya leo wamekwisha kuondoka na mvua inalipiga bati kwa nguvu. Huku hatujambo. Mama, dada yako, goti lake limetulia tangu aache kulima bondeni, ingawa hajaacha kutuamrisha sisi tunaolima. Mkweo Celestin amemaliza kupanda maharage na sasa anapalilia migomba. Watoto wanakuamkia, yule mdogo amejua kuandika jina lake, na ameliandika ukutani kwa mkaa. Mkaza mjomba Immaculata mzima? Mwambie mbegu za nyanya alizonipa zimeota zote.

Ningekupigia simu, ila hupokei. Hicho kisimu chako cha kitochi nacho hakipokei picha, kwa hiyo nitakueleza kwa maneno.

Mwezi uliopita nilimzalisha Uwiduhaye, mjukuu wa mzee Nsanzimana, yule mzee mrefu mwenye asili ya Rwanda anayekaa juu ya kisima. Walikuwa mapacha. Wa pili alitanguliza mguu, na siku hiyo maji yalikuwa yamefunika daraja, gari la wagonjwa lisingeweza kupita. Sitaeleza yote. Mama na mabinti zake wawili ni wazima. Juzi mzee akaja zahanati na kitu amekifunga kwenye leso. Ni saa ya mkononi ya zamani, imekufa. Nikamwambia sisi haturuhusiwi kupokea zawadi za wagonjwa. Akasema, "Hii si zawadi, mwanangu. Haitembei." Akaiacha mezani, akaondoka na fimbo yake.

Mjomba, wewe ndiye mwenye saa kumi na moja kabatini, ndiyo maana nakuuliza wewe. Ni ya kutia ufunguo, haina betri. Rangi yake kama shaba. Mbali na mishale ya kawaida, kuna mwingine mwembamba wenye ncha nyekundu unaoonyesha tarehe zilizozunguka ukingoni. Juu kuna vidirisha viwili vyenye maneno nisiyoyajua, nadhani ni Kifaransa. Na chini kuna dirisha jingine la nusu duara na ndani yake, usinicheke, kuna mwezi. Mwezi wa dhahabu wenye macho na mdomo, unachungulia kwenye anga la bluu lenye nyota. Inaweza kutengenezwa? Ningeitumia kuhesabu mapigo ya moyo, maana saa yangu ya plastiki imeingia maji.

Ni mimi mpwa wako,
Adventina


Nyaishozi, Karagwe
1 Machi 2023

Mpwa wangu Adventina,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku tisa Omurushaka, kwenye duka la pembejeo, kwa sababu kondakta aliishusha hapo akasahau kumwambia mtu. Tuko salama. Immaculata amefurahi kusikia habari za nyanya. Wiki iliyopita tulimzika jirani yetu mzee Melkiory. Umri ulikuwa umekwenda, watu walijaa, na mvua ilitusubiri hadi tulipomaliza. Migomba iliyopata mnyauko tumeing'oa na kuichoma. Iliyobaki kibanjani inaonekana ina afya. Kahawa imebeba vizuri.

Kuhusu hiyo saa, sehemu hiyo nimeipitia haraka tu. Saa za namna hiyo zilikuwa nyingi enzi za wakoloni, na nyingi hazina maana. Hata hivyo fanya hivi. Usiifungue. Usiifute kwa spiriti wala kwa maji. Usimpe fundi yeyote, wala usimwonyeshe mtu. Kisha niambie: nyuma kuna maandishi? Kwenye uso, chini kabisa, karibu na ukingo, kuna neno la herufi ndogo sana? Ubavuni kuna vitobo vingapi? Ukiiweka kiganjani ni nzito kuliko inavyoonekana?

Kwa kuwa wewe unahitaji saa ya kazi, nimefikiri tubadilishane. Nitakupa ile yangu ya Kijapani, ambayo si ya kabatini, inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Haiingii maji, na mshale wake wa sekunde unasomeka vizuri. Wewe nitumie hiyo iliyokufa, niwe naichezea siku za mvua. Sidhani utapata hasara.

Jibu mapema.

Mjomba wako,
Cleophace Kahigi


Bugomora
26 Machi 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima sote, isipokuwa Celestin aliyejikata kidole kwa panga. Nimemshona nyuzi tatu mwenyewe na alilia kuliko mtoto. Mama anasema umefanya vizuri kuing'oa migomba ile mapema. Pacha wa mzee Nsanzimana wameanza kunenepa; nimewapima Jumatano.

Majibu yako haya. Nyuma kuna herufi mbili zilizochongwa kwa mkono, na mwaka 1951. Neno dogo lipo, nimelisoma kwa tochi, nimelinakili kwenye kikaratasi kilichomo humu ndani. Vitobo ni vinne. Ni nzito, ndiyo. Kama yai la bata lililochemshwa.

Nilipomsomea Celestin habari ya kubadilishana, aliniomba nirudie mstari ule. "Mjomba wako," akasema, "hajawahi kumpa mtu hata mkanda wa saa. Leo anatoa saa nzima inayotembea ili achukue maiti?" Nikamwambia asikuseme vibaya mbele ya watoto. Wewe ndiye uliyeuza kahawa ya msimu mzima nikaenda chuo cha uuguzi. Ukiniambia tubadilishane, tunabadilishana.

Mama Gloriose wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anakuja mkutano huko kwenu baada ya Jumapili ya Matawi. Saa nimempa mkononi. Nimeifunga kwenye soksi ya mtoto ili isikwaruzwe.

Mpwa wako,
Adventina


Bugomora
4 Juni 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili nakuandikia tangu Pasaka. Ile ya Aprili hukuijibu. Saa ya Kijapani ilifika bila hata mstari mmoja ndani ya boksi. Nashukuru, inafanya kazi vizuri mno, manesi wenzangu wote wanaijaribu. Lakini mkutano wa WAWATA uliisha zamani, na Mama Gloriose anasema ulipoipokea ile nyingine uliingia ndani ukasahau kumkaribisha chai. Hiyo si tabia yako. Unaumwa? Mkaza mjomba anaumwa? Mama ameanza kusema atapanda basi mwenyewe na goti lake.

Huku tumevuna maharage, si mabaya. Mtoto wetu mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele.

Kuna jambo jingine. Mzee Nsanzimana huja kila siku ya kliniki na pacha wake, ingawa si yeye anayewanyonyesha. Hukaa mwisho wa benchi. Kila mara huniuliza neno moja tu: "Imeamka?" Nami hujibu kwamba iko kwa mjomba wangu anayejua mambo hayo. Hutikisa kichwa kwa furaha, akarudi kwake. Nimwambie nini Jumatano ijayo?

Adventina


Nyaishozi
18 Juni 2023

Mpwa wangu,

Marahaba, pamoja na ile ya Aprili. Immaculata mzima. Mimi mzima. Tunachuma kahawa, uwanja wote umejaa mikeka, na kuku wanatusumbua. Nayasema haya ili usitafute sababu ya ukimya wangu mahali ambapo haipo.

Niliandika kwamba barua yako niliipitia haraka. Niliisoma mara saba. Niliandika kwamba saa kama hizo zilikuwa nyingi. Katika maisha yangu nimeiona moja tu, mwaka 1984, nilipotumwa Moshi na chama cha ushirika kupeleka sampuli za kahawa. Mnunuzi mmoja kutoka Ulaya alinyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono wa shati ukapanda, nikauona ule mwezi. Wenzangu walikuwa wanaonja kahawa. Mimi sikumbuki ladha ya kikombe hata kimoja siku ile. Tangu hapo nimezitafuta saa kwa mapadri waliostaafu, kwa madaktari wanaorudi makwao, hadi masoko ya Kampala, nikapata hizi kumi na moja, nzuri zote. Hiyo sikuipata.

Si shaba, Adventina. Ni dhahabu nyekundu. Jina la kiwanda sitaliandika hapa, barua hizi zinapita mikono mingi. Kwa watu wanaozijua, inaweza kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati la rangi, na ikabaki ya kununulia shamba. Haya niliyajua kabla sijakuandikia mstari wa kwanza kuhusu kubadilishana.

Niliipeleka Bukoba kwa fundi Gaudiosus, mzee anayefanya kazi na lenzi jichoni tangu nikiwa kijana. Alipoifungua akamwita mkewe kutoka jikoni aje aone. Springi ilikuwa imekatika na mafuta yameganda kama ulimbo. Mengine yote yalikuwa kama yametoka kiwandani jana. Alikaa nayo wiki tatu. Siku niliyoifuata aliiweka kwenye kiganja changu akasema, "Sikiliza."

Sikusikia kitu. Hapo nikuambie na jambo la pili. Simu sipokei kwa sababu sisikii, si kwa sababu ya kiburi. Sikio la kushoto limekwisha kabisa, na la kulia linalifuata. Nyumbani nina namna yangu: naibana saa taratibu kwa meno, mapigo yanapanda kwenye mifupa hadi ndani ya kichwa. Nilifanya hivyo mbele ya Gaudiosus, sikuona aibu. Mapigo matano kwa sekunde, hakuna linalojikwaa.

Nimeivaa wiki nne, humu ndani tu, mkono wa koti umeshushwa. Nilikuwa na furaha, sitakudanganya. Nilikuwa na furaha sana. Lakini sikuweza kukuandikia, maana kila nilipoanza na salamu nilijua kinachofuata ni uongo mwingine.

Alhamisi Immaculata alikuwa anamenya ndizi, akaiona saa mkononi mwangu.

"Nzuri hiyo," akasema kwa sauti ya kunifikia. "Ya nani?"

"Yangu."

Akaendelea kumenya. Alipofika ndizi ya tatu akauliza, "Adventina anajua kuwa ni yako?"

Sikula mchana ule.

Nitaileta mwenyewe. Ile ya Kijapani ni yako, haibadilishwi na kitu chochote. Mama yako umwambie au usimwambie, upendavyo. Nami usiponijibu nitaelewa.

Cleophace


Bugomora
9 Julai 2023

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitaziandika mwishoni. Leo haziji zenyewe.

Nilikasirika. Nilimpa Celestin barua yako, akaisoma, na nikamsubiri aseme "nilikuambia" ili nipate wa kumgombeza. Hakusema. Alisema tu, "Bati la rangi gani?"

Tangu siku hiyo sikuwa na hasira tena, nilikuwa na bati. Nilitembea kwenda kazini nikiliona. Nikaona na sakafu ya saruji chumbani kwa Mama, asikanyage udongo wenye baridi na goti lile. Kliniki mbili zilipita, mzee akaniuliza "Imeamka?" nami, Mjomba, nikamjibu "Bado." Bado! Na barua yako iko mfukoni mwa sare yangu. Nilikaa na neno hilo wiki mbili. Kwa hiyo sina cha kukuhukumia. Wewe ulinificha mimi, mimi nikamficha yeye.

Jumatano nikapanda kwake. Mwanawe Niyitegeka alikuwa anaezeka banda la mbuzi. Nikaomba tuachwe wawili. Nikamweleza yote, dhahabu, nyumba, shamba. Nikategemea ashtuke.

"Nilijua ni kitu kikubwa," akasema. "Yule mzungu alilia alipoivua."

Ndipo akanisimulia. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kibarua kwenye machimbo ya madini ya bati huku Kyerwa. Ukingo wa shimo ulimporomokea mzungu msimamizi wake, udongo ukamfunika hadi shingoni, mkono mmoja tu ukabaki nje, huo wenye saa. Wengine walikimbia wakiogopa ukingo wote utashuka. Nsanzimana alichimba kwa mikono. Yule mtu akaanza kusinzia, macho yanafumba. Nsanzimana akamwambia, "Nisomee saa, bwana." Mzungu akasoma. "Tena." Akasoma tena. Kila dakika, Mjomba, hadi akamfukua mpaka kiunoni, akamvuta nje, na mzungu akaivua saa akampa. "Mimi sikujua kusoma saa," mzee akaniambia. "Ningejuaje kama anasema kweli? Nilitaka tu asilale."

Nikamwuliza kwa nini basi alinipa mimi kitu kama hicho.

"Ilikuwa imekufa miaka kumi na tano. Nilikuwa nikiitazama napata aibu, kama mtu aliyeachiwa ng'ombe akamwacha afe. Nikasema, binti huyu ana mikono mizuri, huenda kwake itaamka."

"Imeamka, mzee," nikamwambia. "Tangu mwezi wa tano. Inatembea."

Akashika fimbo, akaachia fimbo.

"Basi nirudishieni," akasema.

Hivyo tu. Sikuwahi kufikiri angesema hivyo! Nilikwenda nimejiandaa kukataa mara tatu, nikubali mara ya nne. Niliteremka kilima nikicheka peke yangu, na machozi kidogo, nikaagana na lile bati.

Njoo nayo. Mama anakusubiri, sijui atakachosema. Hatujambo sote. Parachichi zimeanza kuanguka.

Mpwa wako yuleyule,
Adventina


Nyaishozi
13 Agosti 2023

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba kabla hujaniamkia. Nimefika salama, ingawa basi lilipasua gurudumu kabla ya Omurushaka, tukakaa kando ya barabara tukila parachichi zenu. Immaculata ameyapenda maharage. Amenitazama mkononi nilipoingia, akaona mkono mtupu, akaniwekea chakula kingi.

Mwambie dada yangu kwamba maneno aliyonisema kwa saa nzima nimeyapokea. Bahati yangu nusu yake sikuisikia.

Siku ile ulipotuacha kwa mzee Nsanzimana ukaenda kazini, uliporudi uliniuliza tulizungumza nini, nikasema mvua. Hatukuzungumza mvua. Sikuwa tayari kusema, sasa nakuandikia.

Nilipompa saa aliipokea kwa mikono miwili. Alisema kitu, sikukipata. Nikamwambia, "Mzee, mimi sisikii vizuri." Ni mara ya kwanza nimemwambia hivyo mtu ambaye si ndugu.

"Mimi sioni vizuri," akajibu kwa nguvu. "Sogea karibu."

Tukakaa bega kwa bega. Yeye aliiweka sikioni akanihesabia mapigo kwa kidole juu ya goti langu. Mimi nikamsomea mishale iko wapi. Nikamweleza mwezi ulikuwa umekosea, lazima upangwe, na kwamba jioni ile ya tarehe mosi ulikuwa unatimia, siku nzuri kuliko zote kwa kazi hiyo. Akasema basi tusubiri. Tukasubiri. Mkwewe akatuletea pombe ya ndizi kidogo, rubisi, na wale pacha wakaletwa, mmoja mikononi mwake, mmoja mikononi mwangu. Aliyekuwa kwangu alinikojolea. Ulipochomoza nyuma ya migomba, mkubwa, mwekundu, nikachukua mwiba nikabonyeza kile kitobo cha chini, pole pole, mara kumi na moja, hadi ule uso mdogo ukasimama katikati ya dirisha. Vidole vya mzee vimekakamaa, hawezi kuzungusha ufunguo, kwa hiyo nikaijaza mimi. Kuanzia hapo, kama nilivyokuagiza, ni kazi yako kila asubuhi ukipita kwenda zahanati. Mizunguko ishirini na tano, usizidishe.

"Unazo ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na moja."

"Na mikono?"

"Miwili."

Akacheka hadi akakohoa, mkwewe akatoka kuangalia kuna nini.

Niyitegeka naye alikuja akasimama mlangoni. Nadhani mmeshamwambia habari ya nyumba ya matofali. Baba yake hakugeuka. Alisema akifa watauza, wajenge, wafanye wapendavyo. Kwa sasa Jumapili anakwenda kanisani na saa yake. Kijana akasema, "Sawa, baba," na nilimwona anatabasamu.

Tulipobaki wawili, Adventina, ile tamaa ikanirudia. Nilikuwa na maneno tayari. Ningempa saa zangu zote kumi na moja. Ningeongeza kibanja cha bondeni. Nilifungua mdomo, naye akanitangulia.

"Unaitaka?"

Mtu wa miaka themanini na tatu, macho yana ukungu, na aliona.

"Naitaka sana," nikasema.

"Mimi pia," akasema.

Kisha akakunja mkono wa shati, akauweka mkono wake juu ya goti langu, uso wa saa umegeukia kwangu, akaniambia niangalie mpaka nishibe. Niliangalia. Hakuuondoa hadi chakula kilipoletwa.

Mjomba wako,
Cleophace Kahigi